Nyoka wa sinema ana kelele za nini? Uzi wa majoka, mamba na mazimwi ya magamba

MtuWaNgomeni, Malindi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wapenzi wa picha za majoka, mamba, dinosaria na kila zimwi lenye magamba. Kama hutaki kumwona nyoka hata kwenye kioo, pita tu, hakuna atakayekusema.

Hoja yangu ni moja: sinema haimwamini mtambaazi. Inaona hatishi vya kutosha jinsi alivyo, basi inamwongezea. Inampa sauti, inampa kinyongo, inampa mbio za kumwandama mtu mmoja huyo huyo tangu picha inaanza hadi taa zinawashwa. Nyoka wa kweli hana muda huo. Anangoja. Ukipita karibu anangoja, usipopita anangoja. Chatu mkubwa akishashiba anaweza kukaa majuma kadhaa bila kutia kitu tumboni, na mimi hiyo subira yake ndiyo inayonitia baridi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila Hollywood wao wanaanzia kwenye mshindo.

Tuanze na Anaconda ya 1997, maana sidhani kuna kibanda cha video pwani hii ambacho hakikuionyesha. Jennifer Lopez, Ice Cube, na yule mzee mkorofi Jon Voight. Joka lile linapiga ukelele kama breki za matatu iliyokwisha pedi. Sauti zile zilitoka kwenye koo la binadamu, Frank Welker, ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kuigiza sauti za wanyama. Nyoka hana nyuzi za sauti. Anachoweza ni kuvuta hewa na kuipuliza, basi. Anakonda mwenyewe, yule wa kijani wa Amerika ya Kusini, ndiye mzito kuliko nyoka wote duniani, na maisha yake ni kujilaza majini, macho na pua juu, kusubiri mnyama aje kunywa. Kwenye picha lakini anamdaka mtu hewani akiwa anajirusha kutoka kwenye maporomoko. Na mwisho anamtapika Voight mzima mzima, na Voight anapata nguvu ya kukonyeza jicho! Niliicheka hiyo konyezo hadi nikafukuzwa sebuleni. Na mkiiangalia tena tazameni nyuma ya mashua, kuna mahali maji ya maporomoko yanapanda juu. Walirudisha mkanda kinyumenyume ili mashua ionekane inaelekea upande mwingine, wakasahau maji.

Sasa linganisheni na Jurassic Park ya 1993. Spielberg alijua kitu. Kabla hujamwona T. rex, unaona maji kwenye kikombe yanatetemeka. (Yale mawimbi ya duara yaliwasumbua mafundi, mpaka wakafunga uzi wa gitaa chini ya gari na kuupiga.) Halafu mbuzi hayupo. Halafu mguu wa mbuzi unaangukia kioo cha gari. Muda wote huo mnyama mwenyewe hajatoa hata pumzi. Filamu ina dakika 127 na dinosaria wanaonekana kwa dakika kama 15 tu, zilizobaki ni watu kuangalia vichaka. Roboti lile la T. rex lilitoka kwenye karakana ya Stan Winston, tani nne hivi, na mvua ya kwenye picha ilipoloweka ngozi yake ya mpira likawa linatetemeka lenyewe, ikabidi watu walipanguse kwa mataulo. Yaani hata roboti lilihisi baridi.

Lakini hata yeye Spielberg alishindwa kujizuia. Mwisho T. rex anasimama katikati ya ukumbi, bango linaanguka, anafungua mdomo na kunguruma dunia nzima isikie. Mnyama gani anayewinda anapiga kelele namna hiyo?

Tajeni filamu ambayo mtambaazi alitendewa haki. Nasubiri.

Kijana_wa_Barani, Malindi

Mkuu unasahau picha hizi tuliziangalia wapi. Kibandani kuna jenereta nje, kuna mtoto analia, kuna jamaa ameshaiona anasimulia kitakachofuata. Juu ya hayo kuna DJ anatafsiri. Mimi nimekua na sauti ya DJ Afro masikioni, hata leo nikiona filamu bila ya mtu kuniambia "huyu ndiye steringi" naona kama haijakamilika. Sasa hapo ulete nyoka anayengoja kimya dakika kumi? Watu watarudishiwa pesa zao.

Kelele ni za watazamaji. Zimwi linapiga ukelele ili nasi tupate nafasi ya kupiga wetu.

MtuWaNgomeni, Malindi

Hapo umenipa kitu cha kutafuna. Ila nakumbuka vizuri kile kipande cha jikoni cha Jurassic Park, wale watoto wawili wamejificha nyuma ya kabati za vyuma na raptor anagonga ukucha sakafuni, tik, tik. Kibanda kizima kilinyamaza. Jenereta likawa linasikika peke yake.

BintiLangoni, Lamu

Jamani nyote mnazungumza Marekani tu. Sisi Lamu tulilelewa na picha za Kihindi, na huko nyoka hana haja ya kupiga kelele kwa sababu ana wimbo.

Nyanya yangu alikuwa hajui neno la Kihindi lakini Nagina ya 1986 aliijua kipande kwa kipande. Sridevi ni nyoka aliyejigeuza mwanamke, kaolewa na Rishi Kapoor, mama mkwe hajui kitu. Akaja Amrish Puri na zumari lake la waganga wa nyoka kumtoa. Ile ngoma ya mwisho, Main Teri Dushman, Lata Mangeshkar anaimba, Sridevi macho ameyatoa na rangi yamebadilika, anavutwa na zumari na huku analipinga. Kaka wa Ngomeni, unauliza filamu iliyomtendea nyoka haki? Ni hiyo. Kwa sababu pale nyoka ana mume, ana hofu, ana nyumba ya kuilinda. Adui ni yule mwenye zumari.

Kabla yake kulikuwa na Nagin ya 1976, Reena Roy, ambaye mume wake (naye nyoka) anauawa na marafiki waliokwenda kuwinda, basi anawafuata mmoja mmoja na kila mmoja anamjia kwa sura ya mwanamke mwingine. Umesema sinema inampa nyoka kinyongo asichokuwa nacho. Sawa, nyoka wa porini hana. Lakini kinyongo kile ndicho kilichofanya tumlilie. Nani aliwahi kumlilia anakonda?

Na ile Nagin ya zamani zaidi, ya 1954, Vyjayanthimala, haina hata mwanamke-nyoka ndani yake, ni mambo ya makabila mawili yanayofanya biashara ya sumu ya nyoka. Iliyobaki midomoni mwa watu ni muziki wake. Ile sauti ya zumari la nyoka haikupigwa na zumari, ilipigwa na Kalyanji kwenye klavioline, kinanda cha umeme. Leo harusi yoyote ikipigwa nyimbo ile utaona kina mama wanaweka viganja juu ya kichwa na kuanza kuyumba. Ni kinanda cha umeme hicho wanakichezea!

Mlezi_wa_Magamba, Watamu

Nimesoma uzi wote, na kwa kuwa kazi yangu ni ya karibu na nyoka acha niingie.

Dada BintiLangoni, zumari halimvuti nyoka kwa wimbo. Nyoka hana sikio la nje. Sikio la ndani analo, limeunganishwa na mfupa wa taya, anasikia mitikisiko ya ardhini na sauti nzito nzito. Kinachomfanya swila ainuke na kuyumba ni lile zumari linavyoyumba mbele ya macho yake, pamoja na mtu anayelishika. Anajihami, hachezi. Na hayo maziwa anayowekewa kwenye kisahani katika kila picha, si chakula chake.

MtuWaNgomeni, kuhusu nyoka nakuunga mkono. Lakini mamba usimtie kwenye kapu hilo la wakimya. Mamba ni msemaji. Watoto wake wanaanza kulia wakiwa bado ndani ya yai, na mama akiwasikia anafukua mchanga, anawabeba mdomoni hadi majini. Na alligeta dume wa Marekani wakati wa kutafuta jike ananguruma kwa sauti nzito mno kiasi kwamba maji yaliyo juu ya mgongo wake yanaruka ruka. Sehemu ya sauti ile ni ya chini kuliko uwezo wa sikio la mtu, unaihisi kifuani.

Hapa ndipo ninapokuja kwa T. rex wako. Mngurumo wa kwenye filamu ulitungwa na Gary Rydstrom kwa kuchanganya mtoto wa tembo, chui milia na alligeta. Mzuri sana. Lakini mwaka 2016 watafiti waliochunguza jinsi ndege na mamba wanavyotoa sauti walionyesha kwamba huenda dinosaria wengi walitoa sauti wakiwa wamefumba mdomo, mvumo wa ndani kwa ndani, wala si kufungua taya na kupayuka. Fikirieni kikombe kile cha maji kinatetemeka bila hatua yoyote ya mguu, mnyama amesimama tu gizani kafumba mdomo. Filamu hiyo bado haijapigwa na mimi nitakata tiketi ya kwanza.

Mkitaka kucheka, zile sauti za raptor wanapoitana, mojawapo Rydstrom aliirekodi kwa kobe wanaopandana.

Kijana_wa_Barani, Malindi

Kobe??? Utoto wangu wote umeharibika.

Mlezi_wa_Magamba, Watamu

Subiri nikuharibie zaidi. Velociraptor wa kweli alikuwa na kimo cha bata mzinga na alikuwa na manyoya; vinundu vya kushikilia manyoya kwenye mfupa wake wa mkono vilitangazwa 2007. Na yule Dilophosaurus anayefungua mwavuli shingoni na kutema sumu, mwavuli na sumu vyote ni vya kubuni.

Lakini hayo hayaniudhi. Kinachoniudhi ni Raiders of the Lost Ark ya 1981. Shimo lile la nyoka maelfu ambalo kila mtu analiogopa, wengi waliomo si nyoka, ni mijusi isiyo na miguu. Wana kope, wana matundu ya masikio. Na swila anapomkabili Indiana Jones, walioiona mapema waliona mng'ao wake kwenye kioo kilichowekwa kati yao. Kila nikiitazama na watu wananifukuza kwa sababu siwezi kunyamaza.

Kwa swali la uzi: kipande ninachokiheshimu kimo katika Kill Bill ya pili, 2004. Koboko (Waingereza humwita black mamba, mamba mweusi) amefichwa kwenye sanduku la pesa. Jamaa anafungua, anafurahia noti, na koboko anampiga mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua, halafu anapotelea. Hana hotuba, hana mbio. Tena wamempatia mnyama anayestahili: koboko huyo tunaye, ana rangi ya kijivu au ya zeituni, weusi anaosifiwa uko ndani ya kinywa.

Halafu Venom ya 1981, ya Waingereza. Mtoto wa London amenunua nyoka asiye na madhara, dukani wakamkabidhi koboko aliyekuwa apelekwe maabara. Basi nyoka yuko ndani ya nyumba pamoja na watekaji nyara, na muda mwingi humwoni, unajua tu yuko kwenye mabomba ya hewa. Filamu ni ya wastani lakini nyoka wake anatosha.

Nahodha_Mstaafu, Lamu

Wanangu, mimi si mtu wa sinema sana, lakini kuna moja naijua na hamjaigusa. Gojira, ya Wajapani, ya 1954, iliyotengenezwa na Ishirō Honda. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Godzilla na mnadhani ni mchezo wa mtu aliyevaa gunia la mpira.

Dakika za mwanzo mabaharia wako kwenye sitaha, mmoja anapiga ala, bahari inawaka mwanga na chombo kinateketea. Mjapani aliyeingia ukumbini Novemba 1954 hakuhitaji kuelezwa. Tarehe 1 Machi mwaka huo huo Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni huko Bikini, visiwa vya Pasifiki, na mashua ya wavuvi wa jodari iitwayo Daigo Fukuryū Maru, watu 23, ikanyeshewa na majivu meupe. Walidhani wako mbali. Walirudi bandarini wagonjwa, samaki wao wakazikwa, na mtu wa redio akafariki Septemba. Wiki chache baadaye zimwi lile likatoka baharini kwenye kioo.

Sasa kijana wa Ngomeni unauliza kwa nini zimwi linapiga kelele. Hili nimelisikiliza sana. Sauti ile aliitengeneza mtunzi wa muziki, Akira Ifukube. Alichukua besi kubwa ya nyuzi, akailegeza nyuzi, akavaa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari na kuivuta juu yake, kisha mkanda ukapunguzwa kasi. Haikutoka kwa mnyama yeyote. Mimi nikiisikia sisikii hasira, nasikia mtu aliyeungua. Kwa hiyo hoja yako ya ukimya ni ya nyoka na ni sawa, lakini si kila mwenye magamba kwenye sinema amekusudiwa kuwa mnyama.

MtuWaNgomeni, Malindi

Shikamoo mzee. Basi tuseme hivi: nampinga mngurumaji anayejifanya mnyama. Gojira namwacha apige kelele zake.

Na yule aliyekuwa ndani ya gunia naye ni wa kutajwa, Haruo Nakajima. Vazi la kwanza lilikaribia kilo 100, joto ndani si la mchezo, alikuwa anaweza kusimama nalo dakika chache tu. Alikwenda kwenye bustani ya wanyama kuwatazama dubu na tembo wanavyotembea. Akalicheza zimwi hilo katika filamu 12 hadi 1972.

Nahodha_Mstaafu, Lamu

Marahaba. Ndiyo huyo. Wamarekani walipoichukua 1956 walimchomeka mwandishi wa habari wa kwao, Raymond Burr, na mengi yaliyohusu bomu wakayakata. Halafu 1998 wakamtengeneza wa kwao, guruguru mkubwa wa New York anayetaga mayai na kukimbia makombora. Wajapani walikuja kujibu kwa Godzilla Minus One ya 2023, ikapata Oscar ya picha za madoido mwaka uliofuata, ya kwanza kwa zimwi hilo tangu azaliwe. Wajukuu walinionyesha. Mle ndani vipande vya baharini ni vya watu wanaojua chombo kidogo kinavyokuwa mbele ya kitu kikubwa. Nilikuwa nawashika wajukuu mkono kumbe ni mimi ninayejishika.

Mdigo_wa_Tanga, Tanga

Majirani hodi. Kuna picha moja inatuhusu Afrika Mashariki na imenikera hadi leo. Primeval, 2007. Matangazo yake yalizungumzia muuaji ambaye ameua watu wengi kuliko yeyote, ukidhani ni mtu. Unakaa, unangoja, kumbe ni mamba wa Burundi, Gustave, yule wa mto Rusizi na Ziwa Tanganyika. Gustave ni mamba wa kweli, Mfaransa Patrice Faye alihangaika miaka kumtafuta, wakaweka na mtego wa chuma na kuurekodi kwenye filamu ya kumbukumbu ya 2004, mamba hakuingia. Kisa chenyewe kinatosha kabisa! Mamba aliyeonekana na wengi, ana makovu, anakataa mtego. Wao wakaenda kupiga picha Afrika Kusini, wakamfanya wa kompyuta anayekimbia nchi kavu akifukuza gari na watu, huku waasi wanapiga risasi. Mamba wa kompyuta, waasi wa mchongo, Waafrika wa kufa kwanza.

Kwa upande wa mamba, jasiri ni yule Ross Kananga wa Jamaika. Live and Let Die ya 1973, James Bond anavuka bwawa kwa kukanyaga migongo ya mamba. Aliyevuka ni Kananga mwenyewe, mwenye shamba la mamba hao, na alijaribu mara tano. Mamba walishamzoea njia yake, katika mmojawapo wa majaribio hayo wakamdaka kiatu. Wakampa adui wa picha jina lake kwa heshima.

Mlezi_wa_Magamba, Watamu

Yule mamba aliyeanza kuelewa mtu atakanyaga wapi ndiyo filamu. Hapo hapo. Mnyama aliyetulia anayejifunza.

BintiLangoni, Lamu

Na mimi nina neno moja kwa wanaume wa uzi huu. Mmeona kwamba nyoka wa sinema akitoka porini akaja mjini, anakuja na sura ya mwanamke mzuri? India ni nagin. Nigeria ni Nneka the Pretty Serpent ya 1994, ya Zeb Ejiro, mrembo anayewamaliza waume za watu kwa nguvu za majini, na 2020 wakaitengeneza upya. Mbona hakuna Musa the Handsome Kenge?

MtuWaNgomeni, Malindi

Dada, kenge hana sura ya kumwoa mtu. Lakini kwa kuwa umemtaja, kenge ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote na sinema, na sisemi kwa utani.

Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, W. Douglas Burden, alikwenda kisiwa cha Komodo na kurudi New York na komodo wawili hai, wakawekwa Bronx Zoo, wakafa muda si mrefu. Komodo ni kenge huyu huyu wetu kwa ukoo, ila yeye anafika mita tatu. Rafiki yake Merian Cooper akasikia hadithi ile ya kisiwa cha mbali, mnyama wa kale na kifo chake mjini, na ikawa miongoni mwa mbegu za King Kong ya 1933. Yaani mtambaazi alitoa kisa, sokwe akachukua jina.

Halafu uchumi ukabana. Kusogeza vinyago picha kwa picha ni kazi ya miezi, basi wenye pesa chache wakagundua mjusi hai ni rahisi. One Million B.C. ya 1940 ilichukua mtoto wa alligeta, ikambandika tanga mgongoni, ikampambanisha na mjusi mkubwa, kamera chini ili waonekane wakubwa. Damu ile ni ya kweli. Vipande vile vikauzwa na kurudiwa katika filamu nyingine kwa miaka na miaka. The Lost World ya 1960 nayo ikabandika pembe na mapezi kwa mijusi na kuwaita dinosaria. Na The Giant Gila Monster ya 1959, yule anayetambaa juu ya vigari vya kuchezea si Gila (mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani), ni binamu yake wa Meksiko.

Nikiwatazama wale mijusi ndipo hoja yangu inanirudia kwa nguvu. Wamebandikwa mapembe, taa kali inawachoma, na bado wanakaa tuli, wanatoa ulimi. Mwongozaji anataka zimwi, mjusi anakataa. Ilibidi wasukumwe ndio wapigane.

Mlezi_wa_Magamba, Watamu

Hilo la kusukumwa ni kweli hata huku kwetu. Nyoka wengi wanaouma wamekanyagwa, wameshikwa au wamepigwa na jembe. Kazi ya kuwaokoa watu huku ina historia, James Ashe alianzisha Bio-Ken hapa Watamu 1980 baada ya kufanya kazi ya watambaazi kwenye Makumbusho ya Nairobi, na hadi leo jina lake liko kwenye mfuko wa hisani wa dawa ya sumu ya nyoka. Shirika la Afya Duniani lilikubali 2017 kuumwa na nyoka kuwe kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyotelekezwa. Watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani, wengi ni wakulima na watoto. Sinema inatuonyesha nyoka wa ndani ya ndege ya abiria na wa mashua ya watalii. Mama anayeokota korosho huko Gede, na hongo yuko juu ya mti huo huo hana habari naye, hajawahi kuwa steringi.

Na baada ya kila picha ya joka watu wanapita wanaua mpaka kinyonga. Kinyonga! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, lakini hawa wameumwa na televisheni.

Kijana_wa_Barani, Malindi

Kinyonga ana Rango, 2011, akachukua Oscar ya katuni. Msimwonee huruma sana.

Mdigo_wa_Tanga, Tanga

Kobe na kasa je? Kuna mtu kawahi kuwaona kwenye picha ya kutisha?

MtuWaNgomeni, Malindi

Gamera! 1965, kampuni ya Daiei, washindani wa wale wa Godzilla. Kasa mkubwa kuliko jengo, akiudhika anaingiza miguu ndani ya gamba, moto unatoka kwenye matundu, anazunguka na kuruka angani. Filamu ya kwanza anabomoa mji lakini anamwokoa mtoto, na kuanzia hapo akawa rafiki wa watoto wote wa Japani. Yaani hata watengeneza mazimwi walishindwa kumchukia kasa.

Na tusisahau la kwetu. Desemba 2004 tsunami ilipofika, kiboko mdogo alikwama baharini hapa Malindi, katokea Sabaki, wavuvi na watu wa mji wakamvua kwa nyavu. Akapelekwa Haller Park Mombasa, akamwona kobe wa Aldabra mwenye umri wa miaka kama 130 anayeitwa Mzee, akajificha nyuma yake na kumfanya mama. Kobe mwanzoni alimkimbia, kwa mwendo wake. Baadaye wakawa wanakula na kulala pamoja. Hapo una mtambaazi asiyefanya lolote ila kuwepo, na dunia nzima ikaja na kamera.

Nahodha_Mstaafu, Lamu

Kiboko yule namkumbuka kwenye habari. Sasa huyo kasa anayeruka, wajukuu wamesoma hapa begani kwangu na hawatalala. Anapatikana wapi?

MtuWaNgomeni, Malindi

Mzee, ninayo ya 1965 na zile tatu za miaka ya tisini, ambazo ndizo nzuri hasa. Kuna jamaa yangu anakuja Lamu Ijumaa na basi la asubuhi, nitampa flashi. Ila ya kwanza ni ya rangi nyeusi na nyeupe, waambie wasilalamike.

Kijana_wa_Barani, Malindi

Na DJ?

BintiLangoni, Lamu

DJ ni nahodha mwenyewe. Mimi naleta mahamri.